Jinsi ya Kueleza Masomo ya Mwanafunzi Mmoja kwa Kiingereza Sahihi: Mwongozo Kamili

Sentensi kama hii huandikwa hata na watu wanaokijua Kiingereza vizuri: "I teach private studies to students one by one." Aliyeiandika alitaka kusema kwamba hufundisha nje ya shule, mwanafunzi mmoja kwa wakati. Msomaji wa Kiingereza anapata picha nyingine kabisa. "Private study" kwake ni kujisomea bila mwalimu, na "one by one" ni watu waliopanga foleni, huyu akitoka yule anaingia. Sarufi haina kasoro, ila kazi anayoifanya mwalimu huyu haionekani.

Makosa haya hujirudia katika matangazo ya walimu, CV, barua za maombi na ujumbe wa wazazi wanaotafuta mwalimu. Yana chanzo kimoja: tunaanza kutafuta maneno ya Kiingereza kabla ya kuamua tunachotaka kusema. Hatua zilizo hapa chini zinaanza na kuamua tunachotaka kusema, kisha ndipo maneno.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andika kwanza maelezo yako kwa Kiswahili, sentensi nne au tano zinatosha. Yajibu maswali haya: nani anafundisha, nani anafundishwa, wangapi kwa wakati mmoja, somo gani, kipindi kina urefu gani na hufanyika mara ngapi kwa wiki, na mnakutana ana kwa ana au mtandaoni.

Uwe pia na kamusi inayoonyesha sentensi za mifano. Cambridge na Merriam-Webster zina kamusi za bure mtandaoni. Ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ni ya Marekani, na tofauti hiyo utaihitaji katika hatua ya nne. Kamusi inayotoa neno moja kwa neno moja haitoshi, kwa sababu hapa tatizo kubwa ni maneno yanavyoambatana.

Mwisho, mtafute mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu masomo yako. Utamhitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Tenganisha maana tatu zilizomo ndani ya "binafsi"

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayozaa karibu makosa yote yanayofuata.

Tukisema "masomo binafsi" tunaweza kumaanisha mambo matatu. La kwanza ni mpango: masomo hayatolewi na shule, mwanafunzi au mzazi anakubaliana moja kwa moja na mwalimu. La pili ni idadi: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. La tatu ni maudhui: somo limetengenezwa kulingana na mahitaji ya mwanafunzi huyo.

Kiswahili kinayabeba yote matatu kwa neno moja na msikilizaji haulizi zaidi. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja. Mwalimu anaweza kufundisha watoto watano sebuleni kwake, na masomo hayo bado ni "private". Shule inaweza kumpa kila mwanafunzi nusu saa peke yake na mwalimu wake, na masomo hayo ni "one-to-one" bila kuwa "private". Pia inawezekana mwanafunzi awe peke yake na mwalimu lakini asomeshwe kitabu kilekile, kurasa zilezile, kama wengine wote. Hapo hakuna kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Rudi kwenye maelezo yako ya Kiswahili, ukate kila "binafsi", na badala yake uandike ni maana ipi kati ya hizo tatu. Zinaweza kuwa mbili au zote. Ukiweza kusoma maelezo yako bila kukutana na neno hilo hata mara moja, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 2: Chagua neno la sifa

Kwa maana ya mpango, tumia "private": "private lessons", "a private tutor". Neno hili halisemi chochote kuhusu idadi, ingawa wasomaji wengi watadhani ni mwanafunzi mmoja mpaka uwaambie vinginevyo. Kwa hiyo kama unafundisha kikundi, sema wazi: "private lessons for small groups".

Kwa maana ya idadi, tumia "one-to-one" au "one-on-one". Haya ndiyo maneno yasiyoacha shaka, na ningekushauri uyatumie mara ya kwanza unapotaja masomo yako, kisha uendelee na "lessons" tupu.

"Individual lessons" nayo ni sahihi, lakini ina mtego. Katika "I offer individual lessons and group lessons" maana yake iko wazi, kwa sababu "group" imesimama kando yake. Ukiandika "The individual lessons last 40 minutes", msomaji anaweza kuelewa kwamba kila somo katika mfululizo lina dakika 40, hata kama darasani wamo watu thelathini. Itumie pale tu unapolinganisha na kikundi.

Kwa maana ya maudhui, andika "tailored": "lessons tailored to each student's needs". "Personalised" inafaa pia, na Wamarekani huiandika "personalized". Ila "personal lessons" iache. Msomaji atajiuliza kama unafundisha mambo ya maisha ya mtu.

Maneno mengine matano ya kuepuka, kila moja na sababu yake:

- "One by one" ni mmoja baada ya mwingine. Ndilo kosa linaloletwa na "mmoja mmoja" ya kwetu.
- "Single lessons" ni masomo yanayolipiwa moja moja badala ya kwa kozi nzima.
- "Special lessons" humfanya msomaji afikirie elimu ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.
- "Remedial lessons" ni masomo ya mwanafunzi aliyebaki nyuma. Kama mwanafunzi wako anafanya vizuri na anataka kuongeza maarifa, neno hili linampaka sifa isiyo yake.
- "Home schooling" ni mtoto kutokwenda shule kabisa na kusomeshwa nyumbani. Kama unachofanya ni kumfuata mwanafunzi kwake baada ya shule, andika "I teach at the student's home".

## Hatua ya 3: Chagua nomino

"Masomo" ya Kiswahili huweza kuwa vipindi, mada, taaluma au safari nzima ya elimu. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

"Lesson" ni kipindi kimoja cha kufundishwa, na ndilo neno lako la msingi. "Course" ni mfululizo wa vipindi wenye mwanzo na mwisho: "a ten-lesson course". "Session" inakubalika, hasa kwa mazoezi na maandalizi ya mitihani. "Class" huleta picha ya kikundi. Watu husema "one-on-one class" kwa masomo ya mtandaoni, lakini katika maandishi rasmi "lesson" ni salama zaidi. "Subject" ni Hisabati, Kemia na kadhalika. Usiandike "I teach three lessons" ukimaanisha kwamba unafundisha Hisabati, Fizikia na Kemia. Hizo ni "three subjects".

"Tutorial" ina maana mbili zinazovutana. Katika vyuo vikuu kama Oxford ni mkutano wa mwalimu na wanafunzi wachache sana. Mtandaoni ni maelekezo au video ya kujifunzia mwenyewe. Kwa tangazo lako haifai. "Lecture" ni mhadhara, mtu mmoja akizungumza mbele ya wengi. Iache kabisa.

Inabaki "tuition", na hapa tusimame kidogo kwa sababu "tuisheni" tumeizoea mno. Nchini Uingereza "private tuition" ni maneno mazuri kabisa kwa kazi hii. Nchini Marekani "tuition" ni ada ya shule au chuo, na Mmarekani akisoma "I offer private tuition" anaweza kushangaa ni ada ya nani unayotaka kumlipia. Mahali inapokubalika pia haihesabiki: andika "tuition", si "a tuition" wala "two tuitions". Nchini India watu wengi husema "tuitions", kwa hiyo utakutana nayo, lakini kwa wasomaji wa kwingineko itaonekana kosa.

Mtu anayefundisha ni "tutor" au "private tutor". Katika muziki "teacher" ndilo la kawaida: "a private piano teacher". Jihadhari na "private school teacher", kwa kuwa huyo ni mwalimu wa shule ya binafsi, kazi tofauti na yako.

Utajua umefaulu ukiweza kuuliza "ngapi?" kuhusu nomino uliyochagua na kupata jibu lenye maana: "ten lessons", "two subjects", "one course".

## Hatua ya 4: Amua ni Kiingereza cha nani

Angalia anayekwenda kukusoma. Ni taasisi ya Uingereza, kampuni ya Marekani, au mfumo wa shule unaofuata mmoja kati ya hizo? Uamuzi huu unagusa maneno machache tu, lakini kuyachanganya ndani ya aya moja kunaonyesha haraka kwamba maandishi yameunganishwa kutoka sehemu mbalimbali.

Uingereza: "one-to-one", "tuition", "maths", "personalised", na "practise" kwa kitenzi lakini "practice" kwa nomino. Marekani: "one-on-one", "tutoring", "math", "personalized", na "practice" kwa vyote viwili.

Kama wasomaji wako wametawanyika dunia nzima, "private lessons" na "private tutor" zinaeleweka kote. Chagua tahajia moja na uishikilie mpaka nukta ya mwisho.

## Hatua ya 5: Kitenzi na kihusishi

Soma sentensi hii: "I will teach your child a lesson." Mwandishi alikusudia kumfundisha mtoto kipindi kimoja. Mzazi anayejua Kiingereza atasoma kwamba unakusudia kumtia mtoto wake adabu, kwa sababu "teach someone a lesson" ni nahau ya kuadhibu. Ni tahadhari ninayoisisitiza kuliko zote katika mwongozo huu, kwani makosa mengine yanachekesha au kuchanganya, hili linatisha.

Mwalimu "gives lessons" au "offers lessons". Mwanafunzi "takes lessons" au "has lessons". Kitenzi "teach" kipe mtu au somo: "I teach adults", "I teach chemistry", "I teach adults chemistry". "Tutor" ni kitenzi pia: "I tutor students in chemistry".

Vihusishi vinavyokosewa ni hivi:

- "Masomo ya Hisabati" si "lessons of mathematics". Andika "mathematics lessons" au "lessons in mathematics". Kiunganishi chetu cha "-a" ndicho kinachotuvuta kwenye "of".
- Unasoma kwa mwalimu fulani: "I take lessons with a private tutor", si "at a private tutor".
- Unampatia mtu masomo: "I provide students with lessons" au "I provide lessons to students". "I provide students lessons" inasikika kama imekatika.
- Somo "on Monday", lakini "in the evening" na "at six o'clock".

Mpangilio wa maneno nao una kawaida yake. Jina la somo hukaa jirani kabisa na nomino: "private English lessons". Ukiandika "English private lessons" msomaji atakuelewa, lakini atasikia kitu hakijakaa mahali pake. Urefu wa kipindi hutangulia mbele: "one-hour private English lessons".

## Hatua ya 6: Vistari, wingi na "a" au "an"

Mambo madogo, ila ndiyo yanayoonekana kwanza katika kichwa cha tangazo.

"One-to-one" inaandikwa kwa vistari viwili bila nafasi katikati. "One - to - one" ni kosa. Vifupi kama "1:1" viache kwa ujumbe wa simu. "In-person lessons" ina kistari kwa sababu inaeleza nomino inayofuata. "I teach in person" haina. "Face-to-face lessons" na "we meet face to face" hufuata kanuni hiyohiyo. "Online" ni neno moja daima.

Muda ukigeuka kuwa sifa, hupoteza wingi: "a 90-minute lesson", wala si "a 90-minutes lesson". Ukitoka kwenye nafasi ya sifa, wingi unarudi: "the lesson lasts 90 minutes".

Kuhusu "a" na "an", sikiliza sauti badala ya kuangalia herufi. "One" huanza kwa sauti ya "w", kwa hiyo ni "a one-to-one lesson". "Hour" haitamki "h", kwa hiyo ni "an hour". "Eighty" huanza kwa irabu, kwa hiyo ni "an 80-minute lesson" ingawa umeandika tarakimu.

Majina ya lugha huanza kwa herufi kubwa popote yalipo: "English", "French", "Swahili". Masomo mengine ndani ya sentensi hayahitaji: "chemistry", "history".

Epuka "biweekly". Kamusi zenyewe huipa maana mbili, mara mbili kwa wiki na mara moja kila wiki mbili. Andika "twice a week" au "every two weeks", na hakuna atakayekuja siku isiyo yake.

## Hatua ya 7: Tangu lini unafundisha

Kiswahili kinaruhusu "nafundisha tangu 2019". Kiingereza hakikubali "I am teaching since 2019". Kazi iliyoanza zamani na inaendelea huandikwa "I have been teaching privately since 2019". "Since" hufuatwa na mahali pa kuanzia, mwaka au mwezi. "For" hufuatwa na urefu wa muda: "for three years". Kama uliacha, tumia wakati uliopita na utaje mipaka yote miwili: "I taught privately from 2019 to 2022".

## Hatua ya 8: Unganisha

Sasa chukua maelezo yako uliyoyasafisha katika hatua ya kwanza na uyaandike upya. Hizi ni sampuli tatu. Usizinakili nzima nzima. Angalia jinsi kila jibu kati ya yale ya mwanzo lilivyopata nafasi yake.

Tangazo la mwalimu, kwa Kiingereza cha Uingereza:

"I am a private tutor and I give one-to-one lessons in mathematics to secondary-school students. Each lesson lasts 90 minutes and is tailored to the student's needs. I teach online and in person. The first lesson is a free trial."

Maana tatu za "binafsi" zimo zote, kila moja kwa neno lake: "private", "one-to-one", "tailored". Somo la majaribio ni "trial lesson", si "test lesson", kwani hilo la pili linafanana na mtihani.

Mistari ya CV:

"Private tutor, 2019–2022. Tutored secondary-school students individually in mathematics and physics. Planned lessons around each student's exam syllabus."

CV haihitaji "I". Vitenzi viko katika wakati uliopita kwa sababu kazi imekwisha. Ingekuwa inaendelea, ungeandika "Tutor" na "Plan". Kielezi "individually" hapa kinafaa kuliko "individual lessons", maana kimeshikamana na kitenzi na hakiwezi kusomwa vingine.

Barua pepe ya mzazi:

"I am looking for a private tutor for my daughter, who is preparing for a chemistry exam. She would like one-to-one lessons, preferably online, for an hour twice a week. Could you please tell me your hourly rate and when you are available?"

Malipo ya mwalimu wa aina hii ni "rate" au "fee". "Salary" ni mshahara wa mwajiriwa, na mzazi hamwajiri mwalimu huyu kwa mwezi.

## Hatua ya 9: Jaribio la msomaji

Mpe maandishi yako yule mtu uliyemtafuta mwanzoni. Asome mara moja, kisha umwondolee karatasi au uzime skrini. Muulize: ninafundisha wangapi kwa wakati mmoja? Je, ni kazi ya shule au mpango wangu na mwanafunzi? Kipindi kina muda gani? Tunakutana wapi? Usimsaidie, hata akisitasita.

Akisema "kikundi" au "sijui" kwenye swali la kwanza, tatizo liko hatua ya 2. Ongeza "one-to-one" mapema zaidi. Akidhani umeajiriwa na shule, "private" haipo au imekaa karibu na neno "school". Akikosea muda au mahali, sentensi zako ni ndefu mno, zikate. Akijibu yote bila kurudi kwenye maandishi, yatume siku hiyohiyo.